Kazi ya Babu na Nyanya, Jana na Leo

Historia tuisomayo shuleni mara nyingi ni historia ya vita, mikataba, magavana na marais. Mambo hayo yafaa kusomwa. Lakini iko historia nyingine isiyojengewa sanamu wala kuwekewa sikukuu, nayo ni historia ya nyumba: nani aliwalea watoto, nani aliwafundisha, nani aliamua magomvi, na nani alishika njaa ili wengine wale. Katika historia hiyo babu na nyanya wana nafasi kubwa. Insha hii yakusudia kueleza jinsi kazi yao ilivyobadilika katika Kenya kwa muda wa miaka ipatayo 120, na kutafuta sababu za mabadiliko hayo. Swali letu ni hili: je, wazee wetu walipunguziwa kazi au waliongezewa? Msomaji atakayefuatana nami hata mwisho ataona kwamba yalitendeka yote mawili, na kwamba hesabu yake haikuwa ya haki.

Tuanze na siku za kabla ya reli. Makabila ya Kenya yalikuwa na desturi mbalimbali, na si vizuri kuyachanganya yote katika chungu kimoja. Hata hivyo, katika mengi yao babu na nyanya walikuwa na kazi nne zilizojulikana. Kwanza, walikuwa kiungo cha vizazi. Pili, walikuwa walimu. Tatu, walikuwa waamuzi. Nne, walikuwa na neno kubwa katika mambo ya ardhi, mifugo na mahari. Hebu tuzitazame kazi hizi moja moja, kwa maana hatuwezi kujua kilichopotea bila ya kujua kilichokuwapo.

Kiungo cha vizazi kilionekana katika majina. Miongoni mwa Wakikuyu, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili jina la babu mzaa mama. Binti wa kwanza hupewa jina la nyanya mzaa baba, na anayefuata jina la nyanya mzaa mama. Kwa hiyo mzee alimwona mjukuu kama nafsi yake iliyorudi kuwa changa, na mjukuu alijua tangu utotoni kwamba jina alilobeba lilikuwa na mwenyewe. Ndiyo maana hata leo nyanya katika sehemu nyingi za nchi humwita mjukuu wake wa kiume "mume wangu" bila ya haya, na watu wakacheka. Mzaha huo una maana kubwa kuliko unavyodhaniwa. Baba na mama waliamuru na kuadhibu. Babu na nyanya walitania. Na kwa sababu hapakuwa na woga kati yao na wajukuu, mambo magumu ya maisha, kama vile ndoa, tabia njema na siri za utu uzima, yalipitia kinywani mwao. Jambo ambalo mama aliona aibu kulitamka, nyanya alilisema akitabasamu.

Hapo twafika kwenye kazi ya pili, yaani ualimu. Nchi ya Waluo ilikuwa na nyumba iliyoitwa siwindhe, ambamo mwanamke mzee aliyeitwa pim alilala na watoto, hasa wasichana, akawafundisha kwa hadithi na vitendawili habari za ukoo na za ulimwengu. Wavulana walikaa kwenye moto wa wanaume, duol, mbele ya wazee. Wakikuyu walikuwa na thingira, nyumba ya mwanamume, ambamo wavulana walisikiliza mazungumzo ya wakubwa. Pwani, watoto walijibizana na bibi yao kwa vitendawili, na aliyeshindwa kukitegua alitozwa mji kabla ya kuambiwa jibu. Tazama kwamba mafundisho haya yote yalikuwa na saa yake: yalifanyika usiku, kazi za mchana zilipokwisha. Tukumbuke neno hili la usiku, maana tutalirudia.

Kazi ya tatu ilikuwa uamuzi. Wameru walikuwa na Njuri Ncheke, Wakikuyu na Wakamba walikuwa na mabaraza ya wazee, na Wamijikenda walikuwa na wazee wa kaya, waliotunza misitu mitakatifu na sheria za watu wake. Mzee hakupewa kiti kwa sababu ya mvi peke yake. Ilimpasa kupanda daraja moja baada ya nyingine, kutoa mifugo iliyotakiwa, na kujulikana kuwa mtu wa maneno yaliyopimwa. Wahenga walisema kwamba penye wazee haliharibiki neno, lakini walikuwa na njia zao za kuchagua ni mzee gani aketi hapo.

Kazi ya nne ilitegemea mali. Kijana aliyetaka kuoa hakuwa na ng'ombe wala mbuzi wake mwenyewe. Mahari yalitoka katika zizi la baba au la babu, na shamba lilitoka katika ardhi ya ukoo. Hivyo heshima ya wazee haikusimama juu ya mapenzi matupu. Ilisimama pia juu ya uwezo wa kutoa na wa kunyima.

Tusidanganyike kwamba zamani hizo zilikuwa peponi. Watu wengi hawakufikia uzee kabisa, na mzee asiye na watoto wala mali aliweza kuishi maisha ya dhiki. Wazee wengine walitumia uwezo wao vibaya, wakajiolea wasichana ambao vijana waliwataka. Lakini mzee alikuwa adimu, na penye watu wasioandika vitabu, mtu aliyekumbuka ukame wa miaka 50 iliyopita na dawa iliyowaokoa ng'ombe alikuwa ndiye kitabu chenyewe.

Sasa tuje kwenye mabadiliko. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na ufuo wa ziwa mwaka 1901. Mwaka huo wa 1901 serikali ya kikoloni iliweka sheria ya kodi ya nyumba. Mwanzoni wako waliolipa kwa mbuzi au kwa kazi ya mikono, lakini kadiri miaka ilivyopita fedha ndiyo iliyozidi kutakiwa, na fedha haikupatikana katika zizi la babu. Ilipatikana katika mashamba ya walowezi, relini na mijini. Mwaka 1902 ikaja sheria ya kuweka wakuu wa vijiji. Machifu na wakuu hawa walichaguliwa na serikali, si na baraza, na wengi wao hawakuwa wazee wenye madaraja. Walikuwa watu ambao mtawala aliona kuwa watamfaa. Mzee aliendelea kuketi chini ya mti na kuamua magomvi madogo, lakini kesi kubwa zilihamia kwingine.

Vita Kuu vya kwanza, vya 1914 hadi 1918, viliwachukua maelfu ya vijana kuwa wapagazi wa jeshi. Jina lao, Kariakor, limebaki mpaka leo katika mtaa wa Nairobi. Wengi hawakurudi, waliuawa na maradhi na njaa kuliko risasi. Baada ya vita hivyo kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza umri wa miaka 16 alilazimishwa kubeba kipande. Kwa kodi na kipande, safari ya kwenda kutafuta kazi ikawa sehemu ya maisha ya kijana. Naye alipata mshahara wake mwenyewe, hata kama ulikuwa mdogo. Aliweza kununua mbuzi wa mahari bila ya kupiga goti mbele ya mtu. Huu ulikuwa uhuru kwake, wala hatuwezi kumlaumu. Lakini kila shilingi iliyoingia mfukoni mwa kijana ilipunguza kidogo nguvu ya neno la mzee.

Shule nazo zikaja. Wamisionari Krapf na Rebmann walikuwa wameanza kufundisha Rabai katika miaka ya 1840. Maseno ilianzishwa mwaka 1906, na shule ya Alliance mwaka 1926. Kila mzazi mwenye akili aliona faida ya kusoma, na wazee wengi walikuwa wa kwanza kuuza mbuzi ili mjukuu alipiwe karo. Walifanya hivyo wakijua au bila ya kujua kwamba walikuwa wakinunua kitu kitakachochukua mahali pao. Mtoto sasa alijua habari ambazo babu hakuzijua, na alizijua kutoka katika kitabu ambacho babu hakuweza kukisoma. Zaidi ya hayo, shule za bweni ziliuchukua usiku. Nimesema kwamba ualimu wa babu na nyanya ulikuwa na saa yake, baada ya kazi. Saa hiyo sasa ilitumika bwenini au mezani penye taa na daftari. Hakuna aliyetoa amri kwamba hadithi zikome. Zilikosa saa tu.

Miaka ya 1950 ilileta pigo jingine. Hali ya hatari ilitangazwa mwezi wa Oktoba 1952, na kuanzia mwaka 1954 watu wapatao milioni moja wa sehemu za Wakikuyu, Waembu na Wameru walihamishwa kwa nguvu wakawekwa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na kulindwa na askari. Wanaume wengi walikuwa msituni, vizuizini au vitani upande wa serikali. Waliobaki vijijini wengi walikuwa wanawake, watoto na wazee. Nyanya waliwalinda wajukuu huku mama zao wakipelekwa kuchimba mahandaki kutwa nzima. Mwaka huo huo wa 1954 ukaanza mpango ulioitwa kwa jina la Swynnerton, wa kupima ardhi na kumwandikia kila mtu shamba lake. Hati ya shamba ilikuwa na faida zake: mkulima aliweza kupanda kahawa au chai na kukopa fedha. Lakini mahali ambapo zamani mpaka ulijulikana kwa kumbukumbu ya wazee na kwa miti iliyopandwa mbele yao, sasa ulijulikana kwa ramani na muhuri. Kumbukumbu ya mzee haikutakiwa tena isipokuwa kuwe na kesi.

Hivi ndivyo, katika muda wa miaka 60, kazi tatu kati ya zile nne zilivyohama. Uamuzi ulikwenda kwa chifu na korti. Ualimu ulikwenda shuleni. Ardhi na mahari vikaenda kwenye hati na mshahara. Ilibaki ile ya kwanza tu, ya majina na mzaha. Kama historia ingekoma mwaka 1963, tungesema kwamba babu na nyanya walistaafishwa bila ya malipo.

Lakini historia haikukoma hapo. Baada ya Uhuru vijana walikwenda mijini kwa wingi kuliko kwanza, na safari hii wake zao nao walikwenda. Chumba kimoja cha Nairobi au Mombasa hakikutosha watu wote, na mshahara mdogo haukutosha kumlipa yaya. Basi watoto wengi walipelekwa kwa nyanya zao mashambani, wakakaa miaka miwili, mitatu, au mpaka walipomaliza shule ya msingi. Mkenya wa mjini alikuwa na makao mawili: pale anapofanya kazi, na pale anapopaita nyumbani, ambapo mzee anachunga shamba na watoto. Mwaka 1965 uliundwa mfuko wa akiba ya wafanyakazi, NSSF, lakini mfuko huo uliwahusu watu walioajiriwa. Mkulima mzee na nyanya aliyelea wajukuu hawakuwa na mwajiri. Akiba yao ilikuwa watoto wao.

Kisha likaja balaa lililoichukua akiba hiyo yenyewe. Mgonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Kenya alijulikana mwaka 1984. Kwa miaka mingi ugonjwa ulisemwa kwa kunong'ona, na haikuwa mpaka mwaka 1999 ambapo Rais Moi aliutangaza kuwa janga la taifa. Tofauti na maradhi mengi, ambayo huwachukua wachanga na wakongwe, huu uliwaua hasa watu wa makamo, baba na mama wenye nguvu za kazi. Watoto zaidi ya milioni moja walibaki mayatima. Katika vijiji vya Nyanza na kwingineko palionekana nyumba zisizo na kizazi cha katikati: juu mzee wa miaka 70, chini watoto wa miaka 5 na 10, na kati yao makaburi nyuma ya nyumba. Nyanya aliyedhani kwamba amekwisha lea alianza upya kutafuta uji, sare na daftari.

Jambo moja lililofanyika Kitui lafaa kukumbukwa. Mwaka 2006 kilifunguliwa kijiji kiitwacho Nyumbani, kilichoanzishwa na kasisi Angelo D'Agostino. Shida ilikuwa na pande mbili: watoto waliofiwa na wazazi, na wazee waliofiwa na watoto. Badala ya kujenga makao ya mayatima upande mmoja na makao ya wazee upande wa pili, waanzilishi waliwaunganisha. Katika kila nyumba waliweka mzee mmoja pamoja na watoto wapatao kumi, wengine wajukuu wake na wengine wa jamaa nyingine, wakawapa shamba, shule na zahanati. Hapa tunaona jambo la maana. Walipotafuta dawa ya shida mpya, walikuta kwamba ilikuwa karibu sana na siwindhe ya zamani: nyumba ya mzee mmoja na watoto wengi, ambamo ulezi na mafundisho ni kitu kimoja.

Sasa twaweza kujibu swali tulilouliza mwanzoni. Wazee walipunguziwa kwanza mamlaka, halafu wakaongezewa kazi. Ualimu, uamuzi na mali vilipoondoka mikononi mwao, waliambiwa kwamba ulimwengu umebadilika na wapumzike. Kizazi cha katikati kilipoondoka, kwa treni, kwa basi au kwa jeneza, waliitwa tena wafanye kazi iliyo nzito kuliko zote. Kazi ilirudi, lakini mamlaka hayakurudi. Nyanya aliyelea mayatima watano alitakiwa kupeleka ofisini vyeti vya kuzaliwa na vya vifo asivyoweza kuvisoma. Aliwalisha watoto, lakini hakuwa na ng'ombe wa kumpa mjukuu mahari wala neno la mwisho juu ya shamba la mwanawe marehemu. Huo ndio usio wa haki niliouita hivyo.

Mahali pengine hata heshima ya mvi imegeuka kuwa hatari. Katika Kaunti ya Kilifi, tangu miaka mingi sasa, wazee wamekuwa wakishukiwa uchawi na kuuawa, mara nyingine na watu wa jamaa zao wenyewe. Watu wanaofuatilia visa hivyo wameeleza mara nyingi kwamba nyuma ya neno "mchawi" hujificha ugomvi wa shamba la urithi. Pameanzishwa hata mahali pa kuwahifadhi wazee waliokimbia makwao, huko Kaya Godoma. Angalieni ajabu ya jambo hili: katika nchi ambayo kaya ilikuwa makao ya hekima ya wazee, mzee sasa hukimbilia kaya ili asiuawe na wajukuu. Nayo misitu ya kaya za Wamijikenda iliandikwa na UNESCO mwaka 2008 katika orodha ya urithi wa dunia. Dunia yaheshimu msitu. Yatupasa kuuliza kama sisi twamheshimu aliyeutunza.

Wako hata hivyo wazee ambao hawakungoja wengine wawaamulie kazi yao. Elimu ya msingi bila malipo ilipotangazwa mwaka 2003, mzee Kimani Maruge wa karibu na Eldoret alisikia, na mwezi wa Januari 2004 aliingia darasa la kwanza katika shule ya Kapkenduiywo akiwa na umri wa miaka 84, amevaa kaptura na soksi kama wenzake. Alitaka kujua kuhesabu fedha zake na kuisoma Biblia mwenyewe. Mwaka 2005 alikwenda New York kunena juu ya elimu mbele ya Umoja wa Mataifa. Alifariki mwaka 2009. Huko Ndalat naye Priscilla Sitienei, aliyeitwa Gogo, yaani nyanya, alikuwa mkunga kwa zaidi ya miaka 60 kabla ya kuingia shule ya msingi akikaribia umri wa miaka 90. Alisoma darasa moja na vitukuu vyake, na baadhi ya watoto wa shule ile walizaliwa kwa mikono yake. Mchana alijifunza kuandika, na kwa watoto alikuwa bado mwalimu wa mambo mengine. Alifariki mwaka 2022 akiwa na miaka 99. Watu wengi walicheka habari hizi. Lakini tukizipima vizuri, wazee hawa wawili walikuwa wakiifuata elimu pale ilipohamia.

Serikali nayo imechukua hatua kadha. Umri wa kustaafu kazi ya serikali uliongezwa mwaka 2009 kutoka miaka 55 hadi 60. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 57, yasema kwamba watu wenye umri mkubwa wana haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, kujiendeleza, kuishi kwa heshima bila ya kudhulumiwa, na kupata matunzo yanayofaa kutoka kwa jamaa zao na kwa Serikali. Mwaka 2018 mpango wa Inua Jamii uliwafungulia mlango wote waliotimiza miaka 70 wasio na pensheni, kwa posho ya shilingi 2,000 kwa mwezi. Kiasi hicho si kikubwa, na mara nyingine hukawia. Lakini kwa mara ya kwanza mkulima mzee amepata kitu kutoka katika hazina ya nchi kwa sababu tu amekuwa mzee. Aidha Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 159, imezitaka korti kutia moyo njia za kale za kupatanisha watu, ilimradi hazivunji haki za binadamu. Kidogo cha uamuzi kimerudi chini ya mti.

Yabaki jambo moja la hesabu, na wanafunzi wa hisabati watalipenda. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alizaa kwa wastani watoto 8. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulikuta wastani umeshuka mpaka 3.4. Mama wa watoto 8, ikiwa wote wangeishi na kila mmoja akazaa 8, angekuwa na wajukuu 64. Mama wa watoto 3, kwa hesabu hiyo hiyo, atakuwa na wajukuu 9. Sasa igeuze hesabu. Watoto 8 waliwatunza wazazi 2. Kila mmoja alibeba robo ya mzazi. Watoto 3 wakiwatunza wazazi 2, kila mmoja hubeba theluthi mbili, karibu mara tatu ya mzigo wa kwanza. Na watu wanaishi zaidi. Mwaka 1963 umri ambao mtoto aliyezaliwa aliweza kuutarajia haukufika miaka 50. Leo umepita 60, ijapokuwa uliporomoka sana wakati wa UKIMWI. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu milioni 47.6, na kati yao kama milioni 2.7 walikuwa na miaka 60 au zaidi. Kenya bado ni nchi ya vijana. Katika kila watu 4, watatu wana umri wa chini ya miaka 35. Hatujafika walikofika Wajapani, ambao karibu 3 katika kila 10 wao wamepita miaka 65. Lakini njia ni ile ile, na vijana hawa wengi wa leo ndio wazee wengi wa kesho.

Kwa hiyo kazi ya babu na nyanya itabadilika tena, na safari hii ninyi mtakuwa na sauti katika mabadiliko hayo. Si jambo la akili kutaka kila kitu cha kale kirudi. Korti ya hakimu ni bora kuliko baraza linalomnyima mwanamke urithi, na shule ni bora kuliko ujinga. Lakini yafaa tujue ni kitu gani tulikihamisha, ili tusimpe mtu mzigo huku tukimnyang'anya kata ya kuubebea. Nyanya anayelea wajukuu apewe neno katika baraza la shule yao. Babu anayejua mipaka na mimea aulizwe kabla hajafa, si wakati wa kesi. Na saa ile ya usiku, iliyochukuliwa na bweni na sasa inachukuliwa na simu, irudishwe walau mara moja kwa juma wakati wa likizo.

Wahenga walisema kwamba jungu kuu halikosi ukoko. Ni kweli, lakini ukoko hautoki wenyewe. Hutolewa na mwenye subira ya kukwangua. Mwanafunzi achukue daftari, amwendee mzee wa kwao, amuulize mambo matatu: jina lake alilipata kwa nani, nani alimfundisha na wapi, na kazi ya kwanza aliyolipwa fedha ilikuwa ipi. Aandike majibu pamoja na mwaka. Atakuwa ameandika historia ya Kenya ambayo haimo katika kitabu chochote.

Kisha atafute mwaka ambao yeye mwenyewe atatimiza miaka 60, auandike chini ya majibu hayo. Mwaka huo si mbali kama anavyodhani. Desturi atakazozikuta siku hiyo, na namna kifungu cha 57 kitakavyokuwa kikitekelezwa, vinatengenezwa sasa na watu wa umri wake.